Kupanda kwa Baba, Kushuka kwa Mama: Siku Tano za Safari ya Sri Pada

Siku ya kwanza: Colombo

Mjomba aliuona mlima huu wa Sri Pada, ulioko Sri Lanka, mwaka 1984, akiwa kijana wa miaka 23, msaidizi wa mpishi katika meli ya mizigo iliyokuwa ikikaribia bandari ya Colombo. Ilikuwa alfajiri, naye ametoka kumwaga maji aliyooshea masufuria. Baharia mmoja mtu mzima akamshika bega, akamwonyesha upande wa bara: kitu chembamba cha rangi ya moshi, kimechongoka juu ya mawingu. "Ule mlima wa Baba yetu Adamu," akamwambia. Meli ilikaa bandarini siku mbili, watu wakashusha na kupakia, na mjomba hakulivuka hata lango la bandari.

Hadithi hiyo nimeisikia tangu niko mdogo kwetu Kilwa Kivinje. Chuoni nako mwalimu alitusimulia yale ambayo wazee wengi wa pwani wameyapokea: Adamu aliposhushwa duniani aliangukia Sarandibu, Hawa akaangukia Jidda, wakatafutana mpaka wakakutana Arafa. Sarandibu ndiyo Sri Lanka ya leo. Mwaka huu mjomba ana miaka 64, na magoti yameanza kumsema. Tukaona tukizidi kungoja tutakuja kungojea maradhi.

Tumefika leo asubuhi. Colombo nitaigusa tu: joto lake ni la Dar ya Januari hasa, bajaji ni zilezile, na watu wanakula wali kwa mkono bila kuona haya. Mjomba aliomba tupitie bandarini. Tulisimama nje ya ukuta, akazitazama winchi kwa muda mrefu, mikono ameifumba nyuma. Hakusema neno, nami sikumuuliza.

Siku ya pili: Ratnapura

Kutoka Colombo mpaka Ratnapura ni kama kilomita 100, na basi lilichukua saa tatu na ushee kwa sababu ya mvua na kona. Mji uko kando ya Mto Kalu, ambao chimbuko lake ni huko huko tunakokwenda. Jina la Ratnapura maana yake ni mji wa vito, na asubuhi ukipita mjini unaliona jina hilo kwa macho: wanaume wamesimama barabarani, kila mmoja ana kikaratasi kilichokunjwa, akikifungua kuna mawe mawili matatu ya yakuti, anayaelekeza kwenye mwanga.

Mzee mmoja alituuliza tunatoka wapi. Mjomba akajibu, "Tanzania." Uso wa yule mzee ukachanua. "Tunduru!" akasema. Alifika Tunduru miaka ya tisini, wakati watu wanamiminika kwenye vito, na wanunuzi wa Sri Lanka na Thailand walikuwa wengi kule. Alikumbuka tope la barabara, alikumbuka ugali, na maneno "pole pole" alikuwa nayo bado. Akatuagizia chai. Nilitoka nyumbani nikijiona nakwenda ugenini, kumbe kuna mtu huku anayekijua kijiji cha jirani zangu.

Mchana tulikwenda kwenye hekalu kubwa la Saman, ambaye kwa imani ya Wabuddha wa hapa ndiye mlinzi wa mlima. Msimu wa hija huanza mwezi mpevu wa Desemba na kumalizika mwezi mpevu wa Mei, sikukuu ya Vesak. Msimu unapofunguliwa, sanamu ya Saman hutolewa kwenye hekalu la Pelmadulla na kupandishwa kwa maandamano mpaka kileleni; msimu ukiisha hurudishwa. Miezi mingine mlima huachiwa upepo na mvua.

Jioni mwenye nyumba tuliyofikia alituuliza kwa nini hatwendi upande wa Hatton. Upande ule kuna ngazi mpaka juu, zaidi ya vidato 5,000, kuna taa usiku kucha na vibanda vya chai kila baada ya hatua chache. Upande huu wa Ratnapura ni njia ya zamani, ndefu, ya msituni, na kutoka bondeni mpaka kileleni unapanda zaidi ya mita 1,500 kwenda juu. Kilele chenyewe kiko mita 2,243.

Hapo ndipo nilipolazimika kumweleza habari za Ibn Battuta. Huyu ndiye msafiri wa Tangier aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akausifu mji wetu na kumsifu sultani wake, Hasan bin Sulaiman, kwa ukarimu. Miaka 13 baadaye, mwaka 1344, alipanda mlima huu. Aliandika kwamba aliuona akiwa baharini, mwendo wa siku tisa, umesimama kama nguzo ya moshi. Aliandika pia kwamba wenyeji walimwita Adamu "Baba" na Hawa "Mama", na kwamba njia za kwenda kwenye unyayo wa Adamu ulioko kileleni zilikuwa mbili: njia ya Baba na njia ya Mama. Ya Mama ni nyepesi, ndiyo ya kurudia, na aliyepanda kwa hiyo hahesabiwi kuwa amezuru. Ya Baba ni ngumu, ina miinuko mikali.

Mswahili akisoma hapo hahitaji mkalimani. Baba na Mama! Nilipomsomea mjomba mara ya kwanza, kwenye baraza ya nyumba yake, alinyamaza kisha akasema, "Basi sisi tutapanda kwa Baba, tushuke kwa Mama." Tukaamua hivyo: msitu wa Ratnapura ndio utakuwa Baba yetu, na ngazi za Hatton zitakuwa Mama.

Mwenye nyumba akatikisa kichwa kwa namna yao ya kukubali, akaingia jikoni, akatoka na ndimu sita. "Za ruba," akasema.

Siku ya tatu: Palabaddala mpaka Heramitipana

Basi la kwanza lilituchukua gizani. Njiani tulipita Gilimale, kijiji ambacho Mfalme Vijayabahu wa Kwanza, karne ya 11, alikitenga ili mapato yake yawalishe mahujaji wa njia hii. Watu wa Gilimale waliokuwa barabarani asubuhi ile walikuwa wanapeleka watoto shule na kufungua maduka, kama kijiji kingine chochote. Mimi niliwatazama kwa heshima.

Palabaddala njia inaanza kwa upole, vidato vya saruji kati ya nyumba na miti ya matunda. Baada ya hapo msitu unakufunika. Miti ni mirefu, mizizi yake imetambaa juu ya mawe kama mishipa ya mkono wa mzee, na ardhi imelowa ingawa huu ndio msimu mkavu. Maji unayasikia kila upande kabla hujayaona.

Hatukwenda peke yetu hata nusu saa. Kundi la watu kama 15 kutoka kijiji kimoja, wote wamevaa nguo nyeupe, lilitukuta tumesimama tunafunga kamba za viatu. Kundi la mahujaji huitwa "nade", nalo lina kiongozi wake anayeijua njia na desturi. Kiongozi wa hili alikuwa mwanamume wa makamo, mkulima, Kiingereza chake cha kuungaunga kama changu. Alimtazama mjomba, akatutazama wote wawili, akasema twende pamoja. Mjomba akaitwa "aiya", yaani kaka mkubwa. Mimi nikaitwa "malli", mdogo wangu. Na bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, mwembamba, peku, fimbo mkononi, tukaambiwa ni "amma", mama. Kabla jua halijapanda tulikuwa tumeshagawiwa undugu.

Sasa niseme habari za ruba, maana ndio wenye msitu huu. Ruba akiwa na njaa ni mwembamba kama uzi wa kushonea. Anasimama kwenye ncha ya jani, ameshikilia kwa nyuma, kichwa anakipeperusha huku na huku akitafuta joto la mwili unaopita. Akikushika humsikii. Nilijua baada ya kuona soksi yangu ina doa jekundu; nilipoivuta, yumo, amenenepa kama punje ya zabibu, anang'aa. Mate yake huzuia damu kuganda, kwa hiyo hata akishatoka kidonda kinaendelea kuvuja saa nzima. Amma alinisogelea, akakata ndimu kwa jino, akamkamulia. Ruba akajikunja, akadondoka. Ibn Battuta ameyaeleza haya haya: ruba wa mlima huu wanaorukia watu kutoka kwenye miti na majani, na ndimu ambazo mahujaji walikuwa nazo tayari kuwakamulia. Karibu karne saba zimepita, na dawa ni ile ile mfukoni mwa bibi yule yule.

Mchana tulifika Nilihela. Njia inapita ukingoni mwa genge, na chini ni kijani kisicho na mwisho. Wanasimulia kwamba mwanamke aitwaye Nili alianguka hapa akijaribu kumwokoa mtoto wake. Kila kundi likipita husimama na kumwita. Wenzetu walijipanga, amma akaweka viganja mdomoni akaita jina lake kwa sauti nyembamba iliyonishangaza. Genge likaitika. Wakaita wote, likaitika tena, sauti ikazunguka bondeni ikarudi imechoka. Mjomba alivua kofia yake. Baadaye aliniambia kwamba baharini nako walikuwa wakipita mahali ambapo mtu amezama, husimama hivyo hivyo.

Baada ya Nilihela mlima ukaacha upole. Vidato vya mawe, vingine vinafika gotini, vimesuguliwa na nyayo mpaka vinateleza. Mvua ikanyesha nusu saa, nzito, ikakatika ghafla. Mjomba alianza kubaki nyuma. Nilimwona akishika paja kwa mikono miwili ili aliinue, kama mtu anayenyanyua gunia. Kisha akakaa.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe nenda. Mimi nitawangoja hapa hapa."

"Mjomba, nikuache msituni nikamwambie nini mama?"

"Mwambie nimeuona kwa mbali mara mbili. Yatosha."

Sikuwa na jibu. Nilikaa kando yake, nikamvua kiatu, nikayatafuta maruba. Kundi lote lilisimama. Hakuna aliyetazama saa, hakuna aliyesogea mbele. Kiongozi akanieleza kwamba nade hutembea kwa mwendo wa anayechelewa, na kwamba jambo moja haliulizwi njiani: kumebaki kiasi gani. Amma akakaa upande wa pili wa mjomba. Alifungua kitambaa, akatoa kipande cha sukari guru, ile ya kitul, mti wa huku wa jamii ya minazi, nyeusi, yenye ladha ya moshi kidogo. Akamega, akampa. Kwenye chupa alikuwa na chai ya tangawizi bila maziwa. Unauma sukari, unanywa chai, ndivyo wanavyokunywa.

Kisha akamwonyesha mwendo wake. Hatua 12, anasimama, anapumua mara tatu, anasema "sadhu", neno lao la kusifu. Hatua 12 tena. Hakuwa akipanda mlima, alikuwa akipanda hatua 12 tu, halafu zingine 12. Mjomba akainuka. Akawa anahesabu kwa Kiswahili, amma kwa Kisinhala, na kwenye kumi na mbili wanakutana. Yeye akisema "sadhu", mjomba anasema "Alhamdulillahi". Mbele yao wenzetu wanaimba ule wito wa njiani, "karunavai, karunavai", neno lenye maana ya huruma, na makundi yanayoshuka yanaitikia. Nilitembea nyuma yao saa nne. Sijawahi kuona kitu kilichonituliza moyo kama migongo ile miwili, mmoja wa shati la buluu lililolowa, mmoja wa nguo nyeupe, inapanda na kusimama, inapanda na kusimama.

Juu zaidi msitu unabadilika. Miti inakuwa mifupi, imepinda, imevaa kuvumwani, na ukungu unapita katikati kama mtu mwenye haraka. Baridi ikaanza kuingia.

Heramitipana tulifika magharibi. Hapa njia yetu na ile ya Kuruwita zinakutana, na kuna mabanda ya kulala mahujaji. Unatandika ulichonacho, unalala ulipopata. Jikoni mwanamke alikuwa amekalia kibao chenye chuma cha meno mbele, anakuna nazi. Mjomba alisimama akamtazama. "Mbuzi," akaniambia. "Mbuzi hii hii ya kwetu." Tulikula wali na dengu na kachumbari ya nazi yenye pilipili kali, tukaungana swala kwenye kona, na watu waliokuwa wamelala pale wakavuta miguu yao kutupisha.

Siku ya nne: kileleni, kisha ngazi

Tuliamshwa saa saba na nusu usiku. Nilivaa kila kilichokuwa begini na bado meno yaligongana. Amma alikuwa na sweta jembamba tu. Mjomba akafungua kikoi chake, kile cha mistari ya kijani alichokuja nacho kutoka Kilwa, akamfunika mabega bila kusema kitu. Akakubali.

Usiku ule sitausahau. Mbele yetu kilele kilikuwa kizito cheusi, na ng'ambo yake taa za njia ya Hatton zilipanda angani mstari mmoja. Mtu wa Kilwa akiona vile anafikiria kitu kimoja tu: karabai za wavuvi usiku wa giza, ila hizi zimesimama wima, zinavua nyota.

Kipande cha mwisho ndicho kikali kuliko vyote. Siku hizi kuna vidato na vyuma vya kushikilia. Zamani palikuwa na minyororo iliyopigiliwa kwenye jabali. Ibn Battuta ameitaja minyororo kumi, na wa kumi ukiitwa mnyororo wa shahada, kwa sababu anayefika hapo akatazama chini huogopa kuanguka, akatoa shahada. Nilishika chuma cha baridi, nikamulika chini kwa tochi, mwanga ukamezwa na ukungu. Niliitoa yangu.

Mwendo ulikuwa ule ule. Hatua 12.

Alfajiri ilitukuta karibu na juu, kwenye kiwara kidogo cha mawe kando ya njia. Simu ikatuonyesha kibla: magharibi, kuelekea kaskazini kidogo, juu ya bonde lililokuwa giza tupu. Mjomba akasalisha. Kiongozi wa kundi alizima tochi yake akasimama na watu wake pembeni mpaka tukatoa salamu. Upepo ulivuma mpaka sikuisikia aya ya mwisho.

Vidato vya mwisho unapanda miguu mitupu. Sakafu ya kilele ni baridi kama barafu, na ni padogo, pamejaa watu waliokumbatiana na mablanketi, watoto wamelala mapajani, wazee wanasoma dua zao. Katikati, juu ya jabali, kuna kijumba, ndani yake unyayo umefunikwa kwa kitambaa. Picha hazipigwi. Unapita kwa foleni, unainama, unaweka ua, unatoka. Wabuddha wanaamini ni unyayo wa Buddha. Wahindu wanasema wa Shiva. Waislamu, wa Adamu. Na wako Wakristo wanaoutaja Mtume Tomaso. Unyayo unaoonekana una urefu wa kama mita 1.8. Wengi husema wa kweli uko chini yake, kwenye jiwe la yakuti.

Mjomba alisimama mbele yake muda ambao foleni iliruhusu. Alikunjua kidole gumba na kidole cha mwisho, mkono ukiwa hewani, akapima kwa macho. Ibn Battuta amesema shibiri 11. Mjomba hakusema amepata ngapi. Aliponitazama macho yake yalikuwa yamejaa, na mimi nikageuka kwa sababu yangu yalikuwa hivyo hivyo.

Kando kuna kengele. Unaipiga kwa idadi ya mara ulizowahi kupanda. Mimi moja. Mjomba moja, aliyoivuta kwa nguvu zote za baharia. Amma akaja na kikoi chake mabegani, akapiga mara tisa, akipumzika katikati.

Halafu jua. Mashariki kulikuwa na mstari mwekundu, ngoma na mazumari ya hekalu yakaanza, na watu wote wakasimama. Lilitoka ghafla, "sadhu, sadhu, sadhu" ikapaa kutoka kila kifua. Watu wengi walikuwa wanatazama huko. Kiongozi akanivuta mkono, akanipeleka ukingo wa magharibi. "Malli, tazama."

Kivuli cha mlima kilikuwa kimelala juu ya ukungu wa bonde, pembetatu iliyonyooka kana kwamba imekatwa kwa mkasi, buluu, ncha yake imefika kwenye upeo wa macho. Mlima wenyewe haukuchongoka sawasawa hivyo. Ni umbali unaozinyoosha kingo za kivuli. Kadiri jua lilivyopanda ndivyo kilivyofupika, kikawa kinatujia. Nilichukua muda kutambua kwa nini upande ule naujua. Nilitoa simu. Januari jua la hapa huchomoza kusini kidogo ya mashariki, kwa hiyo kivuli kinaangukia kaskazini kidogo ya magharibi. Ncha ya kivuli cha mlima ilikuwa imeelekea kibla, mahali pale pale tulipokuwa tumeelekeza nyuso zetu gizani. Nilimwonyesha mjomba. Alisimama kimya mpaka kivuli kikafutika.

Wenzetu walikuwa wanarudi Palabaddala, sisi tunashuka Hatton. Tuliagana kileleni. Amma alianza kukivua kikoi. Mjomba akamshika mikono, akamfunika tena vizuri, akamfunga fundo kifuani kama anavyomfunga dada yake. "Mama," alimwita, na neno hilo halikuhitaji kutafsiriwa. Yeye alimpa kile kitambaa kilichobaki na sukari guru.

Ngazi za Mama si nyepesi kwa magoti ya miaka 64. Vidato zaidi ya 5,000 vya kushuka vinapiga palepale panapouma. Lakini njia ni pana, na kila mahali kuna watu: mama anampandisha babu wa watu aliyembeba mgongoni, vijana wanaimba, watawa wa manjano wanashuka kwa haraka. Indikatupana tulikuta nyuzi nyeupe, maelfu, zimenyooshwa kando ya njia zikifunika vichaka. Wanasema Buddha alisimama hapo kushona joho lake, na anayepanda kwa mara ya kwanza hufungua uzi wake hapo. Chini zaidi ni Seetha Gangula, kijito cha maji ya baridi ambapo mahujaji huoga kabla ya kupanda. Sisi tulitia miguu tukitoka. Maji yalikuwa makali kama jino linalouma, na mjomba alifumba macho kwa raha.

Nallathanniya tulifika saa nane mchana. Nilihesabu majeraha ya ruba: kumi na moja kwangu, manane kwake.

Siku ya tano: barabara ya Hatton

Magoti ya mjomba yamevimba. Usiku nilimkanda kwa maji ya moto na mafuta ya nazi, leo anatembea akishika kuta. Anasema hajuti, nami namwamini.

Basi la Hatton linapita kando ya bwawa la Maussakelle, katikati ya mashamba ya chai. Chai ya biashara nchi hii ilianzia shamba la Loolecondera mwaka 1867, na ilishika ardhi baada ya kutu ya majani kuiua kahawa. Waliokuwa wanachuma leo asubuhi, vikapu vimening'inia kwenye vipaji vya nyuso, ni Watamil, uzao wa watu walioletwa na Waingereza kutoka India ya Kusini. Wengi wa vilima hivi ni Wahindu, na wao pia hupanda mlima ule ule, kwa jina lao.

Mjomba alikaa dirishani. Kona moja ikafunguka, na ng'ambo ya maji mlima ukasimama wote, mwembamba, rangi ya moshi. Akatoa simu akampigia mama yangu. Akaweka sauti ya juu ili na mimi nisikie.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mmefika salama? Miguu?"

"Miguu ipo. Unyayo tumeuona, dada. Mkubwa."

Mama alinyamaza kidogo. Nyuma yake nilisikia jogoo na mtu anayetwanga.

"Mlipanda kwa njia ipi?"

"Kwa Baba," mjomba akasema. "Tumeshuka kwa Mama."

"Na kikoi changu nilichokupa?"

Mjomba aliutazama mlima, ambao basi lilikuwa linaanza kuuficha nyuma ya mikaratusi.

"Kiko kwa mwenyewe," akasema.